Mboga Tunazozing'oa, Matunda Tunayoyauza



Leo nataka tuzungumze juu ya vitu unavyovijua tangu utoto wako. Unaujua mchicha. Unaujua mgagani na mlenda. Unayajua majani ya maboga na majani ya kunde. Unaujua ubuyu, na unalijua embe, papai, pera na karanga. Sitakuambia ununue kitu cha mjini. Nataka tuvitazame vitu hivi hivi. Tuone vinafanya kazi gani mwilini. Tena tuone jinsi tunavyoviharibu kwa mikono yetu kabla havijafika mdomoni.

Mimi ni bwana shamba. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na miaka mingi nimekaa katika vijiji vya Mkoa wa Dodoma. Nianze kwa kukueleza kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza chuo cha kilimo nilipelekwa katika kijiji kimoja. Nilikuwa kijana, na cheti changu kilikuwa bado kipya. Mwezi wa Januari, wakati wa palizi, niliwakusanya wakulima katika shamba la mahindi. Niliwaambia, "Kila mmea ambao hukuupanda ni adui yako. Ung'oe." Nikashika jembe niwaonyeshe mfano. Nilikata mgagani. Nilikata mchicha pori. Nilikata mlenda.

Bibi mmoja alikuwa akinifuata nyuma. Kila nilichokikata alikiokota na kukitia katika kanga yake. Nilidhani ananisaidia kusafisha shamba. Tulipofika mwisho wa mstari alinitazama, akasema, "Ahsante mjukuu wangu. Umenichumia mboga ya siku mbili. Je, wiki ijayo tutakula nini?"

Watu walicheka. Mimi nami nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Chuoni nilifundishwa eka moja inatoa magunia mangapi ya mahindi. Sikuwa nimejifunza kumwuliza mama wa nyumba, ugali wa mahindi hayo utaliwa na mboga gani.

MTOTO ALIYEJIKWAA JIONI

Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, mvua zilikuwa bado hazijanyesha. Mboga za majani zilikuwa zimekwisha. Watu walikula ugali kwa chumvi, au kwa mchuzi mwepesi.

Jirani yangu alikuwa na mtoto wa miaka mitatu. Mchana mtoto huyo alicheza kama wenzake. Jua lilipozama alianza kupapasa ukuta. Alijikwaa kwenye kigoda. Alipoitwa kula, alipeleka mkono mahali ambapo sahani haipo. Baadhi ya watu walisema ni mtoto mzembe. Wengine walisema amerogwa.

Mama yake alimpeleka zahanati. Mhudumu alimpima macho, akampa matone ya vitamini A. Baada ya siku chache mtoto aliona tena jioni. Hakuwa amerogwa. Mwili wake ulikuwa umepungukiwa na kitu kimoja tu.

Sasa sikiliza jambo lililonisumbua. Nyuma ya bafu la nyumba ile palikuwa na mpapai. Mti huo ulinyweshwa na maji ya kuogea, kwa hiyo ulizaa hata wakati wa kiangazi. Mapapai yote yaliyoiva yalipelekwa barabarani, yakauzwa kwa wasafiri wa mabasi. Simlaumu mama yule. Alihitaji fedha za chumvi, sabuni na madaftari. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba kinga ya macho ya mwanawe ilikuwa ndani ya papai lile. Hata mimi, bwana shamba niliyekaa jirani naye, sikumwambia. Mimi nilikuwa mmoja wa watu walionunua mapapai yake.

TAZAMA RANGI

Wazee wetu waliosikiliza redio mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai, watakumbuka mafundisho haya. Viko vyakula vya kutia nguvu, kama ugali, viazi na muhogo. Viko vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, karanga, maziwa, samaki, mayai na nyama. Viko na vyakula vya kulinda mwili. Hivyo ni mboga na matunda.

Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akaugua, kwa sababu ameshiba chakula cha kutia nguvu peke yake. Mwili wake hauna mlinzi.

Mmoja wa walinzi hao anaitwa vitamini A. Kazi yake ni kulinda macho na ngozi, na kuusaidia mwili kupigana na magonjwa. Mtoto aliyepungukiwa na vitamini A huanza kwa kutoona vizuri jioni. Baadaye macho hukauka na kupoteza mng'ao. Akiachwa bila matibabu, jicho hupata kidonda, kisha kovu jeupe, na mtoto huwa kipofu. Kipofu wa namna hiyo haponi tena. Tena mtoto huyo akipata surua au kuharisha, ni rahisi kufa kuliko mwenzake aliyekula vizuri.

Utaitambuaje vitamini A? Huwezi kuiona kwa macho, lakini rangi itakuonyesha njia. Pasua papai bivu. Ndani lina rangi ya chungwa. Pasua embe bivu, au boga la njano. Tazama karoti. Tazama viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ambavyo siku hizi tunaviita viazi lishe. Rangi hiyo ndiyo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Viazi vitamu vyeupe vinashibisha sawasawa, lakini kazi hiyo hawaiwezi.

Mboga za majani nazo zina rangi hiyo hiyo, ila imefichwa chini ya rangi ya kijani. Jani likiwa la kijani kilichokolea, ndivyo lilivyo bora. Mchicha, mgagani, matembele, kisamvu, majani ya maboga na majani ya kunde, yote yamo katika kundi hilo. Hapa nataka niseme neno juu ya kabeji. Vijijini mwetu mgeni akija, mwenye nyumba huona aibu kumpa mgagani. Atatuma mtoto gulioni akanunue kabeji. Kabeji si mbaya. Lakini ndani ni nyeupe, na vitamini A yake ni kidogo sana. Mgagani uliouonea aibu ni bora mara nyingi kuliko kabeji uliyoinunua kwa fedha.

Usisubiri mtoto ajikwae. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo, pamoja na uji na maziwa ya mama, mpe papai bivu au embe bivu lililopondwa, na mboga za majani zilizopikwa na kupondwa. Tena mpeleke apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, mpaka atimize miaka mitano. Matone hayo hutolewa bila malipo. Na ukiona mtoto anapapasa jioni, mkimbize zahanati siku hiyo hiyo. Papai hulinda, lakini macho yakishaanza kuharibika yanahitaji dawa ya haraka.

DAMU, UBUYU NA KIKOMBE CHA CHAI

Akina mama wengi wajawazito wanapungukiwa damu. Mtu wa namna hiyo huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda mlima, na ndani ya kope za chini huwa peupe. Damu inahitaji madini ya chuma. Maharage, kunde na mboga za majani zina madini hayo, lakini mwili huyachukua kwa shida. Yanahitaji msaidizi.

Msaidizi wake ni vitamini C, nayo imo katika matunda. Watu wengi wakisikia vitamini C hufikiri chungwa tu. Chungwa ni zuri, lakini pera lina vitamini C nyingi kulipita. Ubuyu nao unalipita chungwa, tena una madini ya kuimarisha mifupa na meno. Ninazungumzia ubuyu wenyewe, unga mweupe unaotoka katika tunda la mbuyu. Siuzungumzii ule mwekundu wa kwenye vipakiti, uliojaa rangi na sukari.

Loweka ubuyu katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Koroga, chuja, kunywa pamoja na chakula. Usiuchemshe ubuyu wenyewe, kwa sababu moto huua vitamini C. Kama huna ubuyu, kamulia limao katika mboga baada ya kuipua, au kula pera baada ya ugali.

Chai ni kinyume chake. Chai na kahawa huyashika madini ya chuma tumboni yasiingie katika damu. Najua chai tunaipenda. Sisemi uiache. Inywe kando, saa moja au mbili baada ya chakula. Mama mjamzito asiache vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, hata kama anakula mboga kila siku.

JIKONI

Siku moja nilikaribishwa chakula katika nyumba yenye bustani nzuri ya mchicha. Nilifurahi kuuona mchicha umechumwa. Kisha nikaona ulivyopikwa. Ulikatwa vipande vidogo sana, ukaoshwa mara tatu baada ya kukatwa, ukachemshwa kwa magadi mpaka maji yakawa ya kijani. Halafu maji yale yakamwagwa nje. Kuku walikunywa vitamini, sisi tukala makapi.

Osha mboga kwanza, ndipo uikate. Ikate vipande vikubwa. Pika kwa maji kidogo, funika sufuria, na uipue mapema ikiwa bado ya kijani. Maji yakibaki, yawe mchuzi. Magadi hulainisha mboga upesi, lakini yanaua vitamini. Najua mlenda bila magadi wengine wanauona si mlenda. Basi tia kidogo sana, wala usiyatie katika mboga nyingine.

Kisamvu ni tofauti, na hapa naomba uwe mwangalifu. Majani ya muhogo yana sumu. Yatwange vizuri kwenye kinu, kisha uyachemshe kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili sumu itoke na mvuke. Kisamvu usikipike upesi upesi kama mchicha.

Jambo la mwisho la jikoni ni mafuta. Vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu inapoteza faida nyingi. Tia mafuta kijiko kimoja. Kama hakuna fedha za mafuta, tia karanga zilizotwangwa. Bibi zetu waliunga mboga kwa karanga kabla mabwana shamba hawajazaliwa, na walikuwa sahihi. Uchungu wa mgagani nao hupungua ukiungwa kwa karanga au kwa maziwa.

KARANGA NI MALI, LAKINI KUVU NI SUMU

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na karibu robo ni chakula cha kujenga mwili. Ndiyo maana Waingereza walikuja Kongwa mwaka 1947 na matrekta mengi ili walime karanga kwa ajili ya mafuta ya nchi yao. Mvua haikutosha. Udongo uliwashinda, ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mpango ule ulifutwa mwaka 1951. Mkulima wa Kongwa mwenye jembe la mkono bado analima karanga mpaka leo.

Watoto wanahitaji karanga kuliko sisi watu wazima. Kijiko cha karanga zilizosagwa ndani ya uji hugeuza uji mwepesi kuwa chakula kamili zaidi. Lakini mtoto mdogo usimpe karanga nzima. Inaweza kumkaba.

Sasa nakuomba usome sehemu hii polepole. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu. Kuvu fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii huharibu ini, na huleta saratani ya ini kwa mtu anayeila kidogo kidogo miaka mingi. Ikiwa nyingi huua upesi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Nilikuwa kazini wakati huo, na sitasahau hofu iliyokuwapo.

Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Haifi kwa kukaangwa. Ukikaanga karanga zenye kuvu, harufu itapotea lakini sumu itabaki. Kwa hiyo kazi yote iko shambani na ghalani.

Vuna karanga zikikomaa, usizichelewesha ardhini. Ukizing'oa, zigeuze, maganda yatazame juu yapate upepo. Zianike juu ya turubai, jamvi au kichanja. Usizianike juu ya udongo mtupu. Zikikauka, chukua ganda moja ulitikise sikioni. Ukisikia punje inagonga ndani, ziko tayari. Zihifadhi zikiwa na maganda yake. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Wakati wa kubangua, wengine hunyunyizia maji ili maganda yalainike na vidole visiume. Nawaelewa, maana kubangua gunia moja kwa mkono ni adhabu. Lakini maji hayo ndiyo yanayoamsha kuvu. Bangua kavu. Kisha mimina kwenye ungo, uchague. Ondoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu.

Hapa ndipo uchungu ulipo. Mara nyingi nimeona karanga nzuri zinapelekwa sokoni, na zile zilizochaguliwa kuwa mbovu zinarudi nyumbani kutwangwa kwa mboga ya watoto. Usifanye hivyo, ndugu yangu. Wala usiwape kuku au ng'ombe. Kuku hufa kwa sumu hiyo, na ng'ombe akiila sumu huingia katika maziwa. Zichimbie shimo uzifukie.

KABLA SIJASAHAU

Siku hizi wako wachuuzi wanaouza unga wa mlonge minadani. Wanasema unatibu kisukari, shinikizo la damu, kansa na nguvu za kiume. Majani ya mlonge ni mboga bora kabisa. Panda mlonge uani kwako, chuma majani, pika ule. Lakini mtu asiache dawa za hospitali kwa sababu ya maneno ya mnadani. Nimekwisha kumzika rafiki yangu mmoja aliyeacha dawa zake za shinikizo la damu.

TUJIANDAE KWA NOVEMBA

Mboga si tatizo mwezi wa Februari. Tatizo ni Septemba, Oktoba na Novemba. Kwa hiyo mboga za miezi hiyo ziandaliwe wakati wa mvua.

Majani ya kunde, ya maboga na mgagani yachume yakiwa machanga. Yaoshe, yachovye katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha uyatandaze. Mlenda usiuchovye, utavutika. Utandaze mbichi. Watu wengi huanika mboga juu ya mawe katika jua kali. Jua kali hukausha upesi, lakini linaunguza vitamini A pamoja na rangi ya kijani. Anika kwenye kichanja kivulini, mahali penye upepo, na utandaze kwa wembamba ili zisipate ukungu. Mboga iliyokauka vizuri hubaki na ukijani na huvunjika mkononi. Itie katika chombo chenye mfuniko.

Panda mipapai mahali maji ya kuogea yanapotiririka. Tia miche mitatu katika kila shimo. Ikianza kutoa maua, tazama. Mpapai dume una maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Jike ua lake limekaa karibu na shina. Bakiza jike moja kila shimo, na dume mmoja kwa majike kumi hivi. Baada ya mwaka mmoja hivi utaanza kula. Uza barabarani, lakini kwanza hesabu watoto wa nyumbani. Kama mapapai matano yameiva, moja libaki.

Na wakati wa palizi fanya kama ninavyowafundisha wakulima siku hizi. Magugu ya katikati ya mahindi yang'oe, kwa maana mahindi yanahitaji nafasi. Lakini pembeni mwa shamba, na karibu na kichuguu, acha mgagani na mchicha vikue. Chuma majani. Mimea michache iache izae mbegu.

Bibi yule wa kanga ndiye aliyenifundisha habari ya mbegu za mgagani. Mwaka wa kwanza nilizivuna nikazipanda siku ile ile, hazikuota. Nilipomwambia alicheka sana. Mbegu mpya za mgagani zimelala, na haziamki mapema. Zikaushe, zifunge katika kitambaa, zitundike jikoni juu mahali pakavu, zikae miezi mitano au sita. Zipande mvua za Desemba zinapoanza.